Wino Mweupe Haulazwi Kama Hina

Mwanangu Sabra,

Umetoka saa tisa kwenda kumuaga shangazi yako Mbagala, na mie namjua shangazi yako, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa hapa dukani, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimeingia ndani kuswali, na nimechana karatasi kwenye daftari la oda. Ukiona mwandiko umepinda, lawama ni za meza hii uliyonikataza kuinunua.

Sikuandikii habari za kula vizuri, wala za baridi ya Dodoma, wala za kumwamkia mjomba wako kila asubuhi. Hayo nimeshakwambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nakuandikia jambo ambalo tangu Jumatatu nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umepakia sweta.

Ni habari za zile fulana za Bi Aziza.

Najua. Usiikunje barua. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kuuza mabati na misumari kwenye duka la mjomba wako, wewe uliyekuwa ukiamka kabla yangu ili uwashe mashine ya kuchapa fulana. Miezi mitatu sasa hujaigusa. Mteja akija unamwambia, "Subiri mama." Watu wanadhani umekua, unataka kuona mji mwingine. Mie najua unaondoka kwa sababu ya neno moja nililolisema mbele ya watu, na neno lile halikuwa kweli. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka, na nataka ujue nililigundua lini. Nikianza na Bi Aziza moja kwa moja nitajitetea, najijua, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Mie udadisi ndio ugonjwa wangu. Nikiwa darasa la tatu niliifungua redio ya bibi yako nione msomaji wa taarifa ya habari amekaa wapi. Marehemu baba yako alikuwa akificha bisibisi juu ya kabati kila anaposafiri, maana siku moja alirudi akakuta pasi iko vipande kumi na mbili juu ya mkeka na mie nimekaa katikati nafurahi. Kitu chochote kinachobadilika mbele ya macho yangu nitakitazama mpaka nijue kwa nini. Ndiyo maana niliipenda hina. Unakanda unga wa kijani, unampaka mtu tope la kijani, kisha asubuhi mkono ni mwekundu. Huo wekundu ulikuwa wapi?

Bibi yako ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akipaka maharusi Temeke yote, na sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: hina ikishakandwa kwa ndimu na chai ya rangi, inafunikwa na inaachwa ilale. Usiifunue, usiikoroge, usiichungulie. Nilichungulia, bila shaka, na nilipigwa kofi la mkono wenye hina, shavu likakaa na vidole vyake siku tisa. Lakini alikuwa na haki. Hina ikilala inatoa rangi. Ukiisumbua inatoka hafifu, rangi ya chai ya maziwa.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwake, na hilo hakunifundisha kwa kutaka. Sie wachora hina tuna pa kukimbilia siku rangi inapogoma. Tunasema ni mkono. Mkono wa bibi harusi mkavu, mkono wake haushiki, damu yake baridi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku hina ya bibi yako ilipokataa kwa bibi harusi mmoja wa Keko. Nilikuwa nimemfuata sokoni na nilijua ule unga ulikuwa umekaa juani dukani mpaka umegeuka kahawia. Na yeye alijua, maana alinikazia jicho. Kisha akaushika mkono wa yule dada mbele ya mawifi zake, akaugeuza, akasema, "Mkono huu hauna bahati na rangi." Yule dada alilia. Mawifi wakatazamana. Mie nikaendelea kukunja vitambaa, na sikusema neno siku ile wala siku yoyote nyingine.

Sasa twende kwenye mashine.

Siku ilipoletwa hapa Chamazi na kuteremshwa kwa kamba, nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Wewe ulikwenda kwa muuzaji ukafundishwa wiki nzima, ukarudi na daftari limejaa. Mie nilikaa mbele ya kioo cha mashine natazama. Nilidhani inachapa juu ya fulana. Kumbe inachapa juu ya karatasi ya plastiki, kwanza rangi, kisha juu ya rangi inatandika wino mweupe, kisha unanyunyiza unga wa gundi, unachoma, na ukiigeuza kwenye fulana na kuibana kwa pasi kubwa, ule weupe ndio unakuwa chini, kama shuka chini ya mtu. Rangi zinalala juu yake. Bila huo weupe, fulana nyeusi inazimeza rangi zote. Ulinieleza ukiwa umesimama na mikono imejaa wino, na nilikuonea fahari mpaka nikaenda jikoni nisikuoneshe.

Kisha nikakuona asubuhi moja unaitikisa chupa ya wino mweupe. Unaitikisa, unaigeuza, unaitikisa tena. Kila siku. Na ulitaka mashine isizimwe hata tukifunga, ili iendelee kuukoroga wino yenyewe. Mie kila Alhamisi jioni nilikuwa nikiizima mpaka Jumatatu, maana siku hizo ni za kupaka hina kwenye maharusi na duka tunafunga. Ulisema, "Mama, wino mweupe haulali. Ukilala unazama." Ulikuwa na kitu kingine cha kusema baada ya hapo, nakumbuka mdomo wako ulikuwa bado wazi. Nikakukatiza. Nikakwambia nimecheza na rangi kabla hujazaliwa, na rangi ukiisumbua inachoka. Nikaziweka chupa kwenye kabati lenye giza, nikazifunika kwa kitambaa, kama hina. Nilikukataza kuzigusa.

Mie niliyeifungua redio kutafuta msomaji wa habari! Sikukuuliza wino unazamaje. Swali hilo lilikuwa jepesi kuliko yote, na wewe jibu ulikuwa nalo kwenye daftari. Lakini kumuuliza mwanangu kuhusu rangi, mie? Nilikuwa tayari kuidadisi mashine, sikuwa tayari kukudadisi wewe.

Oda ya Bi Aziza ilikuja katikati ya hayo. Fulana nyeusi kwa ajili ya kitchen party ya binti yake, ua la waridi jekundu kifuani na jina la bibi harusi chini yake. Ulizichapa Jumatatu, mashine imelala tangu Alhamisi. Waridi likatoka rangi ya ini. Jina ambalo lilitakiwa liwe la njano liligeuka kama haradali iliyomwagikiwa maji. Ulisema ni weupe, umepungua nguvu, tuoshe kichwa cha mashine kinachotema wino na tuzitikise chupa. Mie nikasema ongeza nyekundu. Ukaongeza kwenye kompyuta. Likatoka ini jeusi zaidi. Nikasema ongeza tena, kama mtu anayerudia hina mara ya pili juu ya mkono uliogoma. Wino ukaanza kutambaa nje ya ua, ukachafua jina. Ulikuwa umeinama pale, jasho linakutoka, ukifanya kila nililokuambia, na kila nililokuambia lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Bi Aziza akaja na dada zake wawili kuchukua mzigo. Akakunjua moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akauliza, kwa upole hata, "Haya ni maua gani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilikuwa na nafasi ya kusema mashine imegoma, tupeni siku mbili. Badala yake niliushika mkono wako, Sabra. Nikauinua mbele yao. Nikasema, "Mkono wa mtoto huyu haukubaliani na rangi. Tangu mdogo."

Sijui nililitoa wapi. Uongo, najua nililitoa wapi, nimeshakuandikia hapo juu.  Ulitoa mkono wako taratibu, ukaenda kuzima pasi.

Na neno lile likatembea. Yule mama wa chipsi akaja akauliza, "Leo anachapa nani?" Yule mwalimu wa madrasa akasema atasubiri mpaka niwe na nafasi mie mwenyewe. Walikuwa wanatania, wengine, na mie nilicheka nao. Mara ya tatu uliposikia ulikuwa umeshika karatasi ya plastiki. Uliiweka mezani na tangu hapo hukuishika tena.

Sasa sikia lililofuata, kwa maana hili hulijui.

Wiki ile ile nilimimina wino mweupe kidogo kwenye bilauri. Nilitaka kuthibitisha kwamba ukilala unakolea. Udadisi tu, na kiburi. Nikaiweka dirishani nyuma ya cherehani na kwa kweli nikaisahau. Siku ya tatu nilikuwa natafuta sindano, jua likapita kwenye ile bilauri, nikaona juu pana maji maji ya kijivu na chini pameganda kitu kizito, kama wanga wa muhogo chini ya beseni. Nikakaa chini. Nikachovya kijiti juu, nikapaka kwenye kipande cha fulana nyeusi. Hakuna kitu, unyevu tu. Nikachovya mpaka chini, nikapaka. Kikatoka cheupe kama chokaa. Nikakoroga bilauri yote, nikapaka mara ya tatu. Ndio ule wino wetu wa siku ya kwanza.

Mwanangu, kwa dakika kumi nilisahau kila kitu, nilifurahi tu. Kumbe weupe huu ni unga! Umeelea ndani ya maji, na ukiuacha unatua chini kwa uzito wake. Hina inahitaji kulala kwa sababu rangi yake imo ndani ya jani na lazima itoke. Huu rangi yake imeshatoka zamani, unachohitaji ni kushikiliwa juu usianguke. Vitu viwili tofauti kabisa, na mie niliviona kimoja kwa sababu vyote nimeviita rangi. Nilitaka kuita, "Sabra, njoo uone." Nikafungua mdomo kabisa. Ndipo nikakumbuka kwamba hili ndilo ulilotaka kunieleza siku ile nilipokukatiza.

Sikukuita. Nilisubiri uende sokoni. Nikalichukua daftari lako la mafunzo, nikafuata mwandiko wako mstari kwa mstari. Nikazitikisa chupa. Nikaosha kichwa cha mashine, nikatoa karatasi ya majaribio, ile ya vistari. Vistari vya rangi nyingine vilinyooka, vya weupe vilikuwa na mapengo. Uliandika: usioshe mfululizo, acha ipumzike kidogo, osha tena, angalia. Nikafanya hivyo. Mapengo yakapungua. Nikafanya tena baada ya swala ya adhuhuri, vistari vikatimia vyote. Nikarudisha nyekundu ilipokuwa kabla sijakuambia uongeze. Nikachapa waridi la Bi Aziza juu ya fulana nyeusi moja. Sabra, lilikuwa jekundu mpaka nikalinusa.

Uliporudi na vikapu uliiona karatasi ya majaribio juu ya meza. Ulitazama vile vistari kwa muda. Ukaniuliza, "Imekuwaje?" Nikakwambia, "Imekaa sawa yenyewe." Ukaenda kuosha nyanya. Ile fulana niliificha chini ya kanga zangu kwenye sanduku.

Najua unajiuliza kwa nini. Mie pia nimejiuliza, na nimeufungua moyo wangu kama nilivyoifungua ile pasi. Nilijiambia ni jina la duka. Nilijiambia nitakwambia Ijumaa. Kisha nikajiambia umeshasahau. Kweli yenyewe ni hii: niliogopa kwamba ukijua nimekosea kwenye rangi, hutakuwa na sababu ya kunisikiliza kwenye jambo lolote. Nikaona bora ujidharau wewe kidogo kuliko unidharau mie. Imenichukua miezi mitatu kuliandika, na nikilisoma linanitia haya.

Leo asubuhi nilikuambia nakwenda Buguruni kununua nyuzi. Nilikwenda kwa Bi Aziza. Nilibeba ile fulana. Nilimkuta na dada zake wale wale, wanachambua mchele, na nilishukuru kwa hilo, maana neno nililisema mbele yao. Nikaikunjua. Nikawaambia waridi lilitakiwa liwe hivi, na lingekuwa hivi kama ningemsikiliza binti yangu. Nikawaambia habari za kabati, za kitambaa, za bilauri. Dada yake mdogo alicheka sana niliposema niliufunika wino kama hina. Bi Aziza hakucheka. Akaniuliza kama nilijua ulikwenda kwake.

Sikujua. Akanieleza kwamba kesho yake, baada ya mie kukushika mkono mbele yao, ulikwenda Buguruni peke yako. Hukuingia ndani, ulisimama barazani. Nimemuomba arudie maneno yako mara mbili ili nisiyakosee. Ulimwambia, "Naomba mnisamehe kwa fulana. Ni mkono wangu. Mama yangu kazi yake ni nzuri, msiache kuja kwake."

Nilijua umenyamaza. Nilidhani umenyamaza kwa hasira, na hasira ningeweza kuishi nayo, nimezaa nimelea, nimeizoea. Sikujua kama ulikwenda kuniombea wateja kwa kosa langu, na tena uliliamini. Nimerudi kutoka Buguruni mtandio umelowa, kondakta amesahau kunishusha na mie sikumkumbusha.

Kwa hiyo sikiliza, nami naliandika kwa wino ambao haufutiki. Mkono wako ulikuwa mzima siku ile. Ulikuwa mzima tangu ulipozaliwa. Uliyoyasema kuhusu weupe yote yalikuwa sahihi, na kama tungekufuata wewe, binti wa Bi Aziza angevaa waridi jekundu. Nilijua hivyo siku chache tu baadaye, na nikakuacha uamini vingine mpaka ukafunga begi.

Sikuandikii ubaki. Mjomba wako ameshakuandalia chumba, na huenda mabati yana mambo yake ya kudadisi ambayo sie hatuyajui. Ukitaka kuuza mabati, uza. Ukitaka kesho kutopanda basi, nitampigia simu mjomba wako na aibu ya kumweleza ni yangu. Ukienda Dodoma na baadaye ukaona duka lenye mashine kama yetu limeandika linatafuta mchapaji, ingia. Neno nililolisema mbele ya wale wanawake lisikuamulie chochote, maana nimeshalirudisha nilikolitoa.

Kwetu mtoto akisafiri ndiye anayepiga magoti kuomba radhi kwa mzazi. Radhi yangu unayo, hujawahi kuikosa hata siku moja, usipige magoti kesho. Safari hii mwenye kuomba ni mie. Nimekukosea mbele ya watu, nikakukosea zaidi nyumbani ambako hapakuwa na mtu. Naomba unisamehe, mwanangu. Kama huwezi leo, sema huwezi leo.

Mwanzo nilipanga nikutilie barua hii kwenye begi, chini ya sweta, uisome ukishapita Chalinze. Nimeandika mpaka hapa ndio nimeona kwamba huko pia ni kuificha. Kwa hiyo sitaitia popote. Nitakupa mkononi ukiingia tu, na nitakaa kwenye kiti hiki kinachotazamana na chako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukifika mstari huu, inua uso wako, uniambie lile ulilotaka kuniambia siku ya chupa. Lote. Leo sikukatizi.

Mama yako